Jina la Kidonda: Historia ya Saratani ya Ngozi na Utambuzi wa Mapema miongoni mwa Wafanyakazi wa Juani katika Mwambao wa Muhuta na Rumonge, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya majina yanayotumika kutaja vidonda vya ngozi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hususan Muhuta na Rumonge, na namna majina hayo yanavyohusiana na utambuzi wa saratani ya ngozi miongoni mwa watu wanaofanya kazi juani. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili cha mwambao hakikukosa maneno ya kutaja vidonda. Kilikuwa na maneno mengi, lakini kila neno lilitaja ama ugonjwa mwingine, kama vile buba na ukoma, ama hatua ya mwisho ya ugonjwa, kama vile donda ndugu na saratani. Hatua ya kwanza, ambayo ndiyo inayotibika kwa urahisi, ilibaki bila jina. Kwa kulinganisha historia hiyo na matokeo ya tafiti za kitabibu za Kampala, Dar es Salaam na Moshi, makala yanapendekeza kwamba elimu ya afya itaje dalili na muda wake kabla ya kutaja ugonjwa.

Maneno ya msingi: saratani ya ngozi, donda ndugu, ualbino, Rumonge, istilahi za afya

1. Utangulizi

Mnamo Novemba 2023, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kuhusu madhara ya jua kazini. Kwa mujibu wa makadirio hayo, mwaka 2019 watu wapatao bilioni 1.6 wenye umri wa kufanya kazi walipigwa na miale ya urujuanimno ya jua wakiwa kazini, na watu wapatao 19,000 walifariki dunia mwaka huo kwa saratani za ngozi zisizo melanoma zilizotokana na kufanya kazi juani. Idadi hiyo ni karibu kifo 1 kati ya vifo 3 vilivyosababishwa na saratani za aina hiyo. Miongo mitatu kabla ya hapo, mwaka 1992, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikuwa umekwisha kuiweka miale ya jua katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Takwimu za namna hiyo hutolewa kwa ajili ya dunia nzima. Zinapofika katika mwambao kama ule wa Muhuta, hukutana na maswali mawili ambayo takwimu zenyewe haziyajibu. Swali la kwanza ni nani hasa aliye hatarini mahali ambapo wengi wa wakazi wana ngozi nyeusi yenye kinga ya asili. Swali la pili ni kwa jina gani mtu huyo atautambua ugonjwa wake ungali mdogo. Swali la kwanza ni la tabibu. La pili ni la mtafiti wa lugha. Makala haya yanashikilia kwamba maswali haya mawili hayatenganishiki, na kwamba historia ya lugha katika mwambao huu inaeleza kwa sehemu kwa nini wagonjwa wa saratani ya ngozi katika eneo la Maziwa Makuu wamekuwa wakifika hospitalini wakiwa wamechelewa.

2. Mwambao, kazi zake na Kiswahili chake

Muhuta ni eneo la vilima vinavyoshuka kwa ghafla hadi ziwani, kusini mwa Bujumbura, katika njia iendayo Rumonge na Nyanza-Lac. Eneo hili lilihesabiwa zamani katika Bujumbura Vijijini. Mwaka 2015 liliunganishwa na Bugarama pamoja na maeneo matatu ya Bururi kuunda mkoa wa Rumonge, kabla ya mageuzi ya hivi karibuni ya mipaka ya mikoa ya Burundi. Mji wa Rumonge wenyewe uko takriban kilomita 70 kutoka Bujumbura. Ziwa liko katika kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwambao uko kati ya nyuzi 3 na 4 na nusu kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu na utosi mara mbili kwa mwaka, na nguvu ya miale ya urujuanimno huwa kubwa katika miezi yote.

Hata hivyo, kusema kwamba watu wa mwambao hufanya kazi juani ni kusema kwa ujumla mno. Uvuvi wa ndagala na mukeke hufanyika zaidi usiku, kwa taa zinazowavuta samaki. Hapo kale zilikuwa karabai, na siku hizi ni taa za umeme. Wavuvi wengi hupumzika siku za mbalamwezi. Kwa hiyo mvuvi aliye ziwani usiku hapigwi na jua katika kazi hiyo. Wanaopigwa na jua ni wale wanaoipokea kazi yake asubuhi: wanawake wanaoanika ndagala mchangani au juu ya vichanja vya wavu, wachuuzi wanaotembea na mizigo, na wavuvi wenyewe wanaposhona nyavu mchana. Nyuma ya ufuo kuna kazi nyingine inayoutambulisha mji wa Rumonge nchini Burundi, nayo ni michikichi. Kuna wakwezi wanaokata mikungu, wachukuzi, na wanawake wanaochemsha na kukamua mawese kando ya moto. Zaidi ya hao wapo wakulima wa mihogo na wajenzi wa barabara.

Kiswahili cha mwambao huu nacho kina tabaka zake. Katika karne ya 19, biashara ya Ujiji ilileta lugha hiyo kwa mitumbwi na majahazi. Burton na Speke walipopanda ziwa kuelekea Uvira mwaka 1858, walisafiri na watu waliokwisha kuizoea njia hiyo. Utawala wa Wajerumani uliimarisha lugha hiyo kupitia askari na kituo cha Usumbura. Utawala wa Wabelgiji, uliodumu hadi uhuru wa 1962, uliitazama kwa mashaka, lakini haukuiondoa masokoni Rumonge wala Buyenzi. Uhusiano na Uvira na Fizi, ng'ambo ya ziwa, ulileta maneno yenye asili ya Kifaransa. Hatimaye, wakimbizi waliokwenda Tanzania kufuatia mauaji ya 1972 na vita vya miaka ya 1990 walirejea kwa wingi katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakiwa na Kiswahili cha shule na zahanati za kambini. Kwa hiyo, mtu mmoja wa Rumonge anaweza kusikia ugonjwa uleule ukiitwa saratani, kansa au kanseri, kutegemea anazungumza na nani.

3. Karne moja ya kukagua ngozi

Wakazi wa mwambao hawakuwa wageni wa ukaguzi wa mwili. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulienea katika kingo za Ziwa Tanganyika, na serikali ya Wajerumani ikaanzisha kambi za wagonjwa na ukaguzi wa vijiji, ikiwa ni pamoja na kusini mwa Imbo. Mwanahistoria Mari Webel, katika kitabu chake cha 2019 kuhusu malale katika Afrika Mashariki, anaonyesha namna wakazi wa Imbo walivyokabiliana na kambi hizo kwa hesabu zao wenyewe: wengine walikwenda, wengine walitoroka, na wengine walijadiliana na watawala wao. Ukaguzi ulimaanisha kupapaswa tezi za shingo, na matibabu yalimaanisha sindano za atoxyl, dawa iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa.

Baada ya malale ilikuja zamu ya buba. Ugonjwa huu wa vidonda vya kuambukiza ulikuwa umeenea katika nchi nyingi za joto. Kati ya 1952 na 1964, kampeni iliyoongozwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto iliwafikia watu katika nchi 46 na kuwatibu wapatao milioni 50 kwa penisilini. Buba ilifunza jambo ambalo halikusahauliwa: kidonda kibaya kinaweza kupona kwa sindano moja. Tangu hapo sindano ilipata heshima ambayo watabibu wa vituo vya afya wanaijua hadi leo, na kidonda kisichokubali sindano kilionekana kuwa kitu kisicho cha hospitali.

Ugonjwa wa tatu ni ukoma. Huu ulikuja na kutengwa, na jina lake likabeba aibu iliyodumu kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini ukoma ndio ulioleta pia mfano mwema wa elimu ya dalili. Baada ya matibabu ya dawa mchanganyiko kupendekezwa mwaka 1981, programu za ukoma katika ukanda huu zilifundisha watu watafute baka kwenye ngozi lisilo na hisia. Aliyeambiwa hivyo hakuhitaji kwanza kujihukumu kuwa ana ukoma. Alihitaji tu kuona baka na kuligusa.

Katika ukaguzi wa magonjwa haya matatu, saratani ya ngozi haikuwa na nafasi. Haikuambukiza, kwa hiyo haikuwa hatari kwa majeshi, mashamba wala misafara ya kazi. Hakuna serikali iliyotuma kikosi kuitafuta. Macho yaliyokagua ngozi za watu kwa miongo mingi hayakuwa yanaiangalia.

4. Donda ndugu, saratani, kanseri

Kiswahili kilikuwa na jina la kidonda kinachokula mwili: donda ndugu. Kamusi hulieleza kuwa ni kidonda kikubwa kinachoenea na kuoza. Karibu yake kuna donda sugu, yaani kidonda kisichosikia dawa. Maneno haya mawili ni sahihi kwa kile yanachokitaja, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Kidonda hakiitwi donda ndugu siku ya kwanza, wala wiki ya tatu. Hupewa jina hilo kinapokuwa kimekwisha kuenea, kutoa harufu na kushinda dawa za nyumbani. Kabla ya hapo huitwa kidonda tu, kwa jina lilelile la mkwaruzo wa mwiba. Umbo lenyewe la neno linatuonyesha hilo: kidonda kimo katika ngeli ya vitu vidogo, na donda limekua likatoka humo. Kiswahili kina mwanzo na mwisho, lakini hakina neno la kawaida kwa kile kilicho katikati.

Neno saratani lilifika kwa njia nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kaa, mnyama wa majini. Katika elimu ya nyota neno hilohilo hutaja nyota ya Kaa. Kiarabu kilishiriki sitiari hiyo na Kigiriki, kwa kuwa waganga wa kale wa Ugiriki waliufananisha uvimbe wenye mishipa iliyotanda na kaa mwenye miguu. Kwa msomaji wa leo wa Kiswahili, sitiari hiyo imekufa. Anayesema saratani hamfikirii kaa. Kilichobaki ni uzito. Tanzania ililifanya neno hili kuwa la kiserikali, kama linavyoonekana katika jina la Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam. Upande wa Burundi na Kongo, kanseri ilipitia Kifaransa na kuingia katika Kirundi na katika Kiswahili cha huko.

Yaliyotokea baadaye katika lugha ya magazeti na siasa yanafaa kuangaliwa na wapangaji sera. Rushwa ikaitwa donda ndugu. Ukabila ukaitwa saratani ya taifa. Kila sitiari ya namna hiyo hurudia fundisho lilelile: kwamba ugonjwa huu hautibiki, na kwamba aliyeupata amekwisha. Msemaji wa jukwaani hana nia mbaya, lakini kila anapotumia neno hilo anaufunga mlango ambao mhudumu wa afya anajaribu kuufungua. Mtu anayeamini kwamba saratani ni hukumu ya kifo hana sababu ya kuharakisha kwenda kuisikia hukumu hiyo, hasa ikiwa safari ni ya kilomita 70 na nauli yake ni ya siku kadhaa za kazi.

5. Ushahidi wa Kampala, Dar es Salaam na Moshi

Wakati lugha ikiendelea hivyo, madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wakikusanya ushahidi uliotofautiana na ule wa Ulaya na Australia. Rejista ya saratani ya Kampala ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1950. Kutoka kwenye kumbukumbu za Uganda ilionekana kwamba saratani ya ngozi kwa watu weusi mara nyingi ilizuka miguuni, juu ya vidonda vya tropiki vilivyodumu kwa miaka mingi na juu ya makovu. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alikuwa ameandika kuhusu vidonda vinavyozuka juu ya makovu tangu 1828. Uganda ilionyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa la kawaida mahali ambapo watu hufanya kazi bila viatu na vidonda havipati matibabu kamili. Mwaka 1967, M. G. Lewis alichapisha utafiti wake kuhusu melanoma nchini Uganda, ambao uliihusisha na nyayo. Leo inafahamika kwamba melanoma ya nyayo, viganja na chini ya kucha haitegemei jua kama zile za watu weupe.

Kundi jingine lilionekana Dar es Salaam. Mwaka 1985, Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino. Walionyesha kwamba madhara ya jua huanza utotoni, na kwamba saratani zilizokomaa huwakuta watu wangali vijana. Mwaka 1995, Lookingbill na wenzake walieleza hali ya watu 164 wa kaskazini mwa Tanzania waliokuwa wakihudumiwa na kliniki zinazotembelea vijiji kutoka Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Kanda, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992. Kituo hicho baadaye kilianza kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Tukiyaweka matokeo haya pamoja, tunapata makundi matatu katika mwambao wa Muhuta na Rumonge. La kwanza ni watu wenye ualbino, ambao jua ndilo kisababishi kikuu cha saratani zao, hasa za uso, masikio, midomo, shingo na mikono. La pili ni watu weusi wenye vidonda sugu au makovu ya moto, wakiwemo wale walioungua katika kazi ya kuchemsha mawese. La tatu ni yeyote mwenye doa jeusi linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo anayetembea peku huona jeraha la kawaida tu.

Hii ndiyo sababu kampeni za kigeni haziwezi kuhamishwa jinsi zilivyo. Kampeni maarufu ya jimbo la Victoria, Australia, iliyoanza mwaka 1981, iliwafundisha watu kuvaa shati, kupaka mafuta ya kujikinga na kuvaa kofia. Fundisho hilo linawafaa kikamilifu watu wenye ualbino wa Rumonge. Lakini mkwezi wa michikichi mwenye ngozi nyeusi akiambiwa kwamba saratani ya ngozi inatoka juani, atajiangalia uso na mikono, hataona kitu, na atauacha unyayo wake bila kuutazama. Elimu iliyo sahihi kwa kundi moja inaweza kuwa kipofu kwa jingine.

6. Jina la mtu na jina la ugonjwa

Kwa kundi la kwanza, kuna jina jingine linalotangulia jina la ugonjwa, nalo ni jina la mtu mwenyewe. Kiswahili cha zamani kilisema zeruzeru. Kirundi husema nyamweru. Kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino katika ukanda huu, yaliyofikia pia mikoa ya Ruyigi na Cankuzo nchini Burundi kuanzia 2008, vyama vya watu wenye ualbino vilisisitiza usemi unaomtanguliza mtu: mtu mwenye ualbino. Huko Ruyigi, viongozi waliwakusanya watu wenye ualbino mahali pamoja ili kuwalinda, na mwaka 2009 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa. Mwaka 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza Juni 13 kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, na mwaka uliofuata Ikponwosa Ero akateuliwa kuwa Mtaalamu Huru wa kwanza wa haki za watu hao.

Mabadiliko haya ya lugha yalikuwa ya lazima. Hata hivyo, kihistoria yalijikita katika hatari ya kuuawa, na hatari ya jua ikabaki nyuma yake. Aliyefichwa ili asiuawe alifichwa pia na mhudumu wa afya. Mtoto aliyezuiwa kwenda shule kwa hofu alikosa mahali ambapo angejifunza kuvaa kofia pana na mikono mirefu. Ikumbukwe kwamba ualbino huathiri pia uwezo wa kuona. Mtoto asiyeona ubaoni, asiyeketishwa mbele wala kupewa vitabu vya maandishi makubwa, huacha shule mapema, na anayeacha shule mapema katika mwambao huu huingia katika kazi za juani: kuanika, kuchuuza, kulima. Mnyororo huo, kutoka macho hadi shule, kutoka shule hadi kazi na kutoka kazi hadi ngozi, ndio unaoifanya saratani ya ngozi kuwa suala la sera ya elimu na ajira, na si la wizara ya afya peke yake.

Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Afrika kuhusu ualbino, wa 2021 hadi 2031, unatambua mahitaji ya ulinzi na ya afya kwa pamoja. Mkutano wa Afya Duniani wa Mei 2025 nao ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Kinachobaki ni kuyashusha maazimio haya hadi katika sentensi moja inayoeleweka kwenye ufuo wa Muhuta.

7. Kutaja dalili kabla ya ugonjwa

Ukanda huu una mfano wa sentensi ya namna hiyo. Kwa miaka mingi, programu za kifua kikuu zimefundisha kwamba mwenye kikohozi kinachodumu kwa wiki mbili au zaidi aende kupimwa. Nguvu ya sentensi hiyo imo katika sehemu zake mbili: dalili ambayo kila mtu anaijua, na muda ambao kila mtu anaweza kuuhesabu. Haimtaki mgonjwa ajue ugonjwa wake. Hiyo ni kazi ya maabara. Fundisho la ukoma kuhusu baka lisilo na hisia lilitumia hekima hiyohiyo.

Kwa saratani ya ngozi, sentensi inayolingana na hizo ni hii: kidonda kisichopona kwa majuma manne kionyeshwe kwenye kituo cha afya. Inajaza pengo lile la kati, baina ya kidonda na donda. Haimtishi mtu kwa neno saratani, wala haimwachi asubiri mpaka jina la donda ndugu lifike lenyewe. Inamfaa mwenye ualbino mwenye kidonda mdomoni, mwanamke mwenye kovu la moto lililofunguka upya, na mkulima mwenye kidonda cha mguu. Kwa kundi la tatu iongezwe sentensi ya pili: doa jeusi linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha lionyeshwe pia.

Kutokana na historia iliyoelezwa, mapendekezo manne yanafaa kufikiriwa na washauri wa sera.

Kwanza, ujumbe uandaliwe kwa Kirundi na Kiswahili sambamba, pasipo kuutafsiri mmoja kutoka kwa mwingine, na ujaribiwe sokoni Rumonge kabla ya kuchapishwa. Katika ujumbe huo, maneno kansa, kanseri na saratani yatajwe pamoja angalau mara moja, ili msikilizaji ajue kwamba ni ugonjwa mmoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuratibu istilahi hizi baina ya nchi wanachama.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii, wanaoitwa abaremeshakiyago nchini Burundi, wafundishwe kutazama nyayo na makovu, na kuwatazama watu wenye ualbino angalau mara mbili kwa mwaka. Historia ya malale inatukumbusha kwamba ukaguzi wa kulazimisha huzaa kujificha; ukaguzi huu uombwe kwa ridhaa na ufanyike kwa staha, mbali na macho ya watu.

Tatu, ushauri kuhusu jua ulingane na kazi. Kumwambia mwanika ndagala aepuke jua kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni kumwambia aache kazi, kwa kuwa ndilo jua analolihitaji. Kinachowezekana ni kuweka kivuli cha mtu kando ya vichanja vya samaki, kugawana zamu, na kumpa mwenye ualbino sehemu ya kazi inayofanyika chini ya paa, kama kupima na kuuza. Mafuta ya kujikinga yahesabiwe kuwa dawa kwa watu hawa, na isionekane kuwa yanaweza kubadilishwa na mawese, ambayo hayajathibitishwa kuwa kinga ya kutegemewa dhidi ya miale ya jua.

Nne, njia ya rufaa iwekwe wazi kabla ya kampeni kuanza. Kidonda kinachogunduliwa mapema mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo na ganzi ya mahali. Kinachochelewa huhitaji upasuaji mkubwa na tiba ya mionzi, ambayo kwa miongo mingi wagonjwa wa Burundi waliifuata nje ya nchi. Kumwita mtu aonyeshe kidonda pasipo kumwambia nani atakata kipande cha kupima, wapi na kwa gharama ya nani, ni kumrudisha katika imani kwamba kidonda kisichokubali sindano si cha hospitali.

8. Hitimisho

Historia ya mwambao wa Muhuta na Rumonge inaonyesha kwamba watu hawakupuuza ngozi zao. Walizitazama, wakazitaja, na wakazipeleka kwa waliodai kuzijua, kila mara kulingana na majina waliyopewa. Buba iliwafundisha kutarajia sindano, ukoma uliwafundisha kuogopa kutengwa, na donda ndugu pamoja na saratani yaliwafundisha kwamba kuna vidonda visivyo na dawa. Jina la hatua ya kwanza halikutolewa na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiutafuta ugonjwa huo. Kazi ya wanataaluma wa Kiswahili, wakishirikiana na wenzao wa Kirundi na wa tiba, ni kulitoa jina hilo sasa, kwa maneno mepesi yanayoweza kusemwa mbele ya kichanja cha ndagala na kueleweka bila mkalimani. Kidonda kinachohesabiwa majuma bado ni kidonda kinachoweza kupona.